Hela ya korosho na soko la hisa: maneno ya kuyajua kabla hujatuma hata shilingi

Korosho zikishalipwa, mtu wa Tandahimba au Nachingwea anabaki na kiasi fulani kwenye akaunti, madeni kalipa, ada kalipa, bati kanunua, na hapo ndo lile neno hisa linapoanza kumzunguka kichwani maana kasikia benki fulani imetoa gawio nono na kuna jamaa yupo Dar bei ilimpandia vizuri tu. Anafungua ripoti ya soko kwenye simu anakuta bidi, ofa, kuponi, kufunga daftari, DSEI, anaifunga simu yake. Haya maneno sio magumu kivile, mengi ukishaonyeshwa hela inapita wapi yanajieleza yenyewe. Ntayaweka kwa jinsi utakavokutana nayo, na lile moja ambalo kwa mtu mwenye hela ya msimu naliona zito kuliko yote ntakaa nalo kidogo.

Hisa, na kwa nini haina riba

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. NMB kwa mfano ina hisa milioni 500, ukiwa nazo 100 basi kwenye kila kinachobaki benki ikishalipa wafanyakazi, wadai na TRA, na wewe una haki ya kisehemu chako, na kwenye mkutano mkuu wa mwaka unaingia na kura zako 100. Ni kidogo sana ila ni zako.

Swali ambalo kila mtu huku anaanza nalo ni "wanatoa riba asilimia ngapi kwa mwezi?" Hisa haina riba bwana. Riba analipwa aliyekopesha, wewe hukukopesha, umenunua. Kampuni ikipata hasara huna wa kumdai, na ikifilisika wanalipwa kwanza wanaoidai, mwenye hisa anasubiri mwisho kabisa kama kuna kitu kimebaki. Hela ya kwenye hisa inarudi kwako kwa njia mbili tu, kampuni ikugawie sehemu ya faida, au umuuzie mtu mwingine kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia. Basi. Mtu akikuletea njia ya tatu, kwamba eti "hisa" zako zinazaa asilimia 10 kila wiki ukileta na wenzako wawili, huyo hauzi hisa hata kama kavaa tai. DECI, ule mchezo wa upatu, waliita kupanda mbegu, watu wakapanda kweli, na 2009 serikali ilipoisimamisha kuna waliobaki wanaangalia shamba.

Kuorodheshwa

Sio kila kampuni unayoiona ina hisa za kununua. Iliyoorodheshwa ni ile ambayo hisa zake zimeingizwa kwenye soko ili mimi na wewe tuuziane, na kwetu soko ni Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani DSE, lililoanza biashara mwaka 1998 na kampuni ya kwanza kuingia ilikuwa TOL. Msimamizi wake, anayetoa leseni na kuwaadhibu wanaokosea, ni CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Usichanganye na TMX, lile ni soko la bidhaa, ndo hilo ambalo mnada wa korosho ulihamia kufanyika mtandaoni msimu wa 2024. TMX unauza mzigo, DSE unauziana umiliki wa kampuni.

Watu wa Mtwara wengi wanataka waanze na Dangote, kwa sababu kiwanda wanakiona na malori yake yanawapita kila siku. Dangote Cement imeorodheshwa Nigeria, kwenye DSE haipo, saruji utakazozikuta pale ni Twiga na Tanga. Gesi nayo hivohivo, Maurel & Prom wanaochimba Mnazi Bay hisa zao zinauzwa soko la Paris. Kwahiyo kitu kuwa jirani na nyumbani kwako hakimaanishi kinanunulika, na kusema kweli hata kingekuwa kinanunulika ujirani sio sababu ya kutosha.

Toleo la awali na soko la upili

Kampuni inapouza hisa kwa umma mara ya kwanza hilo ni toleo la awali, bei imepangwa, unajaza fomu, unalipia, unasubiri ugawiwe. Hapo hela yako inaenda kwa kampuni yenyewe, au kwa mwenye nayo anayepunguza umiliki wake kama serikali ilivofanya ilipouza sehemu yake ya NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600 kwa hisa. Toleo likishafungwa na hisa zikaorodheshwa, kinachofuata chote ni soko la upili, yaani wenye hisa wanauziana wenyewe kwa wenyewe, kampuni haipati hata senti kwenye mauzo hayo.

Kuna imani kwamba hisa za toleo la awali lazima zipande. Sio lazima. CRDB iliuza kwa 150 mwaka 2009, ikapanda, halafu 2019 kuna vipindi bei ilikuwa chini ya hiyohiyo 150, miaka kumi baadae, ndo ikaja ikapanda tena kwa kasi. Vodacom waliuza kwa 850 mwaka 2017 na bei ikaja kushuka chini ya hapo. Kabla ya toleo lolote kampuni inatoa waraka wa matarajio, kitabu kinene kweli, hakuna anayekisoma chote, lakini ile sehemu ya vihatarishi na ile ya hela zitatumikaje zisome, hata kama utakaa nayo wiki.

Ipo na hisa stahiki. Hizo ni hisa mpya ambazo kampuni inawapa kipaumbele wenye hisa waliopo kununua, kwa kawaida kwa bei ya chini kidogo ya sokoni, CRDB walifanya hivo 2015. Sio zawadi, unalipia, na usipochukua kisehemu chako kinapungua uzito kwa sababu hisa zimeongezeka.

Bidi na ofa

Hapa mtu wa korosho yupo mbele ya mtu wa Dar, kwa sababu mnada anaujua. Wanunuzi wanaandika bei, wa juu anachukua, chama cha ushirika kikiona bei hailipi wakulima wanakataa mzigo unabaki ghalani mpaka mnada ujao. Soko la hisa ni mnada huohuo, ila unaenda kutwa nzima jumatatu mpaka ijumaa, na pande zote mbili zinataja bei. Bei anayotaja mnunuzi ni bidi, anayotaja muuzaji ni ofa. Bidi ya juu ikikutana na ofa ya chini biashara imefungwa, na biashara zilizofungwa hivo ndo zinatoa ile bei unayoisoma kwenye ripoti jioni.

Ile bei ya ripoti ni ya biashara iliyopita. Haimaanishi kesho asubuhi kuna mtu amesimama na hela mkononi anakusubiri kwa bei hiyo.

Ukwasi, hapa kaa chini

Ukwasi ni urahisi wa kuigeuza hisa kuwa hela bila kuivunja bei. Kwenye maelezo mengi ya hisa neno hili linatajwa mwishoni kwa mstari mmoja, mimi naona kwa soko letu ndo la kuanza nalo, na kwa mtu wa kusini zaidi, kwa sababu hela yetu ina tarehe. Inaingia kati ya mwezi wa kumi na wa kwanza, na ikifika wa tano wa sita salfa ya kupulizia mikorosho inakuita, palizi imeshakula, hujui bei ya viuatilifu itakuwaje, na ukikosa kupuliza msimu mzima umeuchezea.

Mjomba wangu yupo Nanyamba, alikuwa na milioni 2 anataka kuzipumzisha kwenye hisa mpaka wakati wa salfa. Nikamwamkia, akaitikia, hapohapo akaniuliza "sasa mjomba, ikifika mwezi wa tano nikisema nauza, nauza siku hiyohiyo?" Nikamchorea hivi kwenye daftari, kampuni ya kubuni tu, bei ya mwisho sokoni 500, kwahiyo milioni 2 zake zimempa hisa 4,000, na mwezi wa tano anafungua ubao anakuta:

Wanunuzi: 480, hisa 150. Halafu 470, hisa 400.
Wauzaji: 500, hisa 2,000. Halafu 510, hisa 6,500.

Ripoti inasema bei ni 500. Mjomba anataka hela leo. Anauza 150 kwa 480 anapata 72,000, anauza 400 kwa 470 anapata 188,000, jumla 260,000 na hapo makato bado. Hisa 3,450 zilizobaki hazina mnunuzi. Akitaka kuuza kwa 500 anajipanga nyuma ya wale wa hisa 2,000 waliomtangulia. Kwenye karatasi ana milioni 2, mkononi ana laki mbili na sitini. Aliangalia ile karatasi muda akasema "kumbe hii ina kangomba yake", kama wale wanaomnunulia mkulima mwenye shida korosho zake kwa bei ya chini nje ya mnada, na ndo hivohivo, mwenye shida ya leo anauza kwa bei ya mwenye hela.

Kwa DSE hii sio hadithi ya kutishana. Zipo kampuni zinazouzwa na kununuliwa karibu kila siku, CRDB na NMB ndo zinaongoza kwa kuchangamka, na zipo nyingine zinapita siku au wiki hakuna hisa hata moja iliyobadilisha mkono, bei imesimama palepale ukidhani ni uimara kumbe hakuna anayenunua. Kwahiyo kabla hujauliza "imepanda kwa asilimia ngapi" angalia safu ya kiasi kilichouzwa, yaani hisa ngapi zimebadilishana leo, jana, wiki iliyopita. Ukikuta sifuri sifuri sifuri, basi hiyo weka hela ambayo hutaihitaji miaka kadhaa au iache. Hela ya salfa haikai kwenye hisa, hata zile zinazochangamka, maana zenyewe utauza ndio ila bei ya siku hiyo huichagui.

Oda

Maagizo unayompa broka ni oda, na ziko za aina mbili za kuzijua. Oda ya soko unasema nunua au uza kwa bei iliyopo, na oda ya limiti unasema mwisho wangu ni 490, ikizidi acha. Kwenye soko lenye ukwasi mdogo tumia limiti, siku zote, kwa sababu oda ya soko ya mjomba ingekula zile bidi zote za chini bila kumuuliza. Mpe broka na muda wa oda pia, ya leo tu au ikae mpaka uifute, watu wanasahau oda wiki tatu halafu inakuja kukamilika siku hela wameshaipangia kingine.

Broka na makato

Hununui moja kwa moja, kuna dalali mwenye leseni, tunamwita broka. Ofisi zao nyingi ziko Dar ila siku hizi unafunguliwa akaunti ukiwa hapohapo Masasi kwa simu na barua pepe, na DSE wenyewe wana programu ya simu inaitwa Hisa Kiganjani. Jina la broka lihakiki kwenye orodha ya wenye leseni ya CMSA kabla hujatuma hela, na hela itumwe kwenye akaunti ya kampuni, sio namba ya simu ya kijana anayekuhudumia hata awe mkarimu namna gani.

Makato tumeyazoea, kilo ya korosho haifiki kwa mkulima bila chama, ushuru na mengineyo kupita kwanza. Huku kuna kamisheni ya broka, ada ya soko, ya CMSA, ya utunzaji wa hisa, na kwa oda za watu wa kawaida kama sisi jumla inafika kama asilimia 2 ya thamani ya biashara, tena unakatwa ukinunua na ukiuza. Piga hesabu mapema. Hisa 1,000 kwa 500 ni laki tano, na makato inakuwa 510,000. Ukiziuza kwa 520 unapata 520,000, toa asilimia 2 unabaki na 509,600. Bei imepanda shilingi 20 na wewe bado hujarudisha hela yako. Ndo maana kununua leo na kuuza wiki ijayo kwa kufuata mizuka kwenye soko letu anayeneemeka ni broka.

Gawio

Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni imeamua kuwagawia wenye hisa. Neno la kuzingatia hapo ni imeamua. Bodi inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha, na wanaweza kusema mwaka huu hakuna.

Chukua NMB mwaka 2023. Faida baada ya kodi ilikuwa karibu shilingi bilioni 545, wakagawa kama bilioni 180.6, theluthi moja hivi, nyingine ikabaki kuikuza benki. Gawanya bilioni 180.6 kwa hisa milioni 500 unapata shilingi 361 kwa kila hisa. Mwenye hisa 100 gawio lake ni 36,100, inatolewa kodi ya zuio, ambayo kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE ni asilimia 5, inayoingia kwake ni 34,295. Tuseme alizinunua kwa 5,000 moja, yaani laki tano, basi gawio kabla ya kodi ni kama asilimia 7.2 ya hela aliyoweka. Hiyo asilimia ndo wanaiita mavuno ya gawio, na inategemea wewe ulinunua kwa bei gani, jirani yako aliyenunua zamani kwa bei ya chini mavuno yake ni makubwa kuliko yako kwa hisa zilezile.

Kwamba gawio halina ahadi angalia CRDB. Kwa mwaka 2015 walitoa 17 kwa hisa, 2016 wakatoa 10, 2017 wakashuka mpaka 5. Aliyeuza kwa hasira hapo simlaumu. Baadae ikaanza kurudi, 2021 ikawa 36, 2022 ikawa 45, 2023 ikawa 50, 2024 ikawa 65. Huwezi kuujua huo mstari unaelekea wapi kwa kuangalia mwaka mmoja, ukimuona mtu anatangaza gawio la mwaka huu pekee muulize la miaka mitano nyuma.

Tarehe ndo zinawaangusha wengi. Kuna siku ya kutangaza gawio, kuna siku ya kufunga daftari, na kuna siku ya kulipa. Anayelipwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wenye hisa siku linapofungwa, na ukinunua hisa leo jina haliingii leo, inachukua siku chache za kazi biashara kukamilika. Kwahiyo ukinunua siku moja kabla ya kufunga umechelewa, gawio anakula aliyekuuzia. Kabla ya kufunga kuna tarehe ambayo kuanzia hapo hisa inauzwa bila gawio, na usishangae siku hiyo bei ikinywea kidogo, wanaonunua wanajua gawio la mwaka huo sio lao. Mbio za kununua wiki ya mwisho ili ule gawio na kuuza wiki inayofuata, na yale makato ya kwenda na kurudi, nadra zilipe.

Benki kubwa mikutano yao inaangukia mwezi wa tano wa sita na gawio linalipwa karibu na hapo. Kwa mwenye shamba hiyo imekaa vizuri, salfa inaweza kununuliwa na gawio bila kugusa hisa. Nusu mfuko au mifuko kumi itategemea ulianza na ngapi.

Kodi nyingine ni ya faida ya kuuza hisa zenyewe. Mkazi wa Tanzania mwenye hisa zake chache za kampuni iliyoorodheshwa DSE haimhusu.

Faida kwa hisa, na bei kwa faida

Faida kwa hisa unaipata kwa kugawanya faida ya mwaka kwa idadi ya hisa. NMB hiyohiyo ya 2023, bilioni 545 gawanya kwa milioni 500, ni 1,090. Halafu chukua bei ya hisa gawanya kwa hiyo faida, bei ikiwa 5,000 unapata 4.6 hivi. Maana yake unalipa shilingi 4.6 kununua kila shilingi moja ya faida ya mwaka. Namba ikiwa ndogo hisa inaonekana rahisi, ikiwa kubwa inaonekana ghali, lakini linganisha benki kwa benki na saruji kwa saruji, na ujue kuna wakati inakuwa rahisi kwa sababu watu wanajua kitu ambacho wewe bado hujakisikia.

Hii inaondoa na lile kosa la kudhani hisa ya shilingi 300 ni rahisi kuliko ya 5,000. Bei ya hisa moja peke yake haisemi kitu. Zidisha bei kwa hisa zote unapata mtaji wa soko, kwa mfano wetu 5,000 mara milioni 500 ni trilioni 2.5, hapo ndo unaanza kulinganisha ukubwa wa kampuni na kampuni.

DSEI na TSI

Hizi ni faharasa, namba moja inayoonyesha soko zima limeelekea wapi. DSEI inachukua kampuni zote pamoja na zile za Kenya zilizoorodheshwa na kwetu kama KCB na Kenya Airways, TSI ni za ndani tu. Kwenye taarifa ya habari wakisema soko limepanda wanasema hizi, hisa yako wewe inaweza kuwa imeshuka siku hiyohiyo.

Hatifungani

Kwenye soko hilohilo kuna hatifungani, na hapa ndo riba ilipo kwa sababu hapa unakopesha. Serikali ina za muda tofauti, kuanzia miaka 2 mpaka 25, zinauzwa kwa mnada wa Benki Kuu na kima cha chini ni milioni 1. Riba yake inaitwa kuponi, inalipwa kila baada ya miezi sita. Ile ya miaka 25 iliyotoka 2021 kuponi yake ilikuwa asilimia 15.95, kwa milioni moja ni 159,500 kwa mwaka, yaani 79,750 kila nusu mwaka, na mwisho wa miaka unarudishiwa milioni yako.

Mwaka uliofuata serikali ikashusha, mpya ya miaka 25 ikawa asilimia 12.56. Fikiria wewe una ya 15.95 mkononi na mpya inatoa 12.56, kila mtu anaitaka ya kwako, kwahiyo ukiiuza unaiuza kwa zaidi ya ulichoweka. Na kinyume chake, riba mpya zikipanda ya kwako ya zamani inashuka bei. Ndo maana unasikia hatifungani imeuzwa kwa 110 au 92, ni kwa kila 100 ya thamani ya mwanzo. Usipoiuza hayo hayakuhusu, unakula kuponi yako tu. Mtwara mjini kuna tawi la Benki Kuu, ukiwa na maswali ya minada nenda kaulize.

Kampuni nazo zinatoa hatifungani. Kanuni ni ileile ila unayemdai sio serikali, kwahiyo msome aliyekopa.

Vipande

Kama haya yote unaona mlolongo na milioni hujafikisha, kuna mifuko ya pamoja kama ile ya UTT AMIS. Watu wengi wanachanga, wataalamu wananunua hisa na hatifungani kwa mkupuo, wewe unamiliki vipande na thamani ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi. Mfuko wa Umoja ndo mkongwe, tangu 2005, na upo wa Ukwasi ambao jina lake sasa unalielewa, umetengenezwa kwa wanaotaka kutoa hela haraka. Ungeniuliza mimi hela ya salfa ikae wapi kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa tano, ningekuelekeza huko kabla ya hisa yoyote.

Akaunti ya CDS, majina na mrithi

Hisa siku hizi sio karatasi ya kuficha sandukuni, zinakaa kwenye akaunti ya kielektroniki inayoitwa CDS, ina namba yake, na broka ndo anakufungulia. Utaombwa kitambulisho cha NIDA, picha, namba ya simu na akaunti ya benki ambayo gawio litaingia. Kuwa makini na majina. Huku kwetu mtu NIDA anaitwa Hassani Salumu Nnunduma, benki ni Hassan S. Mnunduma, na kwenye chama cha ushirika kaandikwa Asani, korosho zinalipwa kwa sababu karani anamjua sura, ila gawio linarudi lilikotoka na linakaa huko miaka likisubiri mtu anayeitwa hivohivo. Nyoosha majina kabla ya kufungua akaunti, kwa kiapo kama inabidi. Laini ya simu ukibadilisha watoe taarifa, akaunti ya benki ukiifunga wape mpya.

Na namba ya CDS usiibane peke yako. Mwandikie mkeo au mumeo, au mtoto mkubwa, kwenye daftari lilelile la hesabu za shamba, na jina la broka na majina ya kampuni unazomiliki, kwa sababu siku msimamizi wa mirathi akiteuliwa mahakamani ataenda kwa broka na barua ya mahakama na cheti cha kifo, na kitu cha kwanza atakachoulizwa ni hiyo namba.